Seli Moja Moja, na Swali la Wanafunzi

Mwaka 1906, Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba, ingawa hawakukubaliana. Mwaka 1873 Golgi alikuwa amegundua namna ya kuzitia seli za neva rangi nyeusi ili zionekane kwa darubini. Aliamini kwamba zimeungana zote kama wavu mmoja. Cajal alitumia njia hiyohiyo, akachora alichokiona, akasema kila seli inasimama peke yake. Baadaye ilithibitika kwamba Cajal ndiye aliyeona sawasawa.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba zote zina maandishi yaleyale ya DNA, kwa kuwa zilitoka katika yai moja. Kuhakikisha ilikuwa vigumu, maana seli nyingi zilipimwa zikiwa zimechanganywa pamoja. Anayekunywa uji hawezi kujua kila punje ilikuwaje.

Mwaka 2012 kundi la Christopher Walsh, huko Boston, Marekani, lilitangaza kwamba limechunguza DNA ya seli za neva moja moja, kutoka katika ubongo wa watu waliokwisha kufariki. Mwaka 2015 kundi hilo likaonyesha kwamba kila seli, kwa wastani, ilikuwa na mabadiliko yapatayo 1,500 ambayo mtu hakuyarithi kwa baba wala mama. Mengi hayadhuru. Machache hudhuru sana.

Wapo watoto ambao upande mmoja wa ubongo hukua kupita kiasi, wakapata kifafa kikali. Kundi hilohilo lilipima ubongo uliotolewa kwa upasuaji kwa watoto kama hao. Kwa mmoja wao walikuta kosa katika jeni iitwayo AKT3. Lilikuwamo katika sehemu ya seli za ubongo, lakini katika damu halikuonekana. Lilitokea mtoto akiwa bado tumboni, seli zikigawanyika. Wazazi hawakumrithisha.

Habari hii inatuhusu sisi washarika. Mtoto anapoanguka kifafa, wengi wetu huuliza: ni laana ya nani? Wapo akina mama walioambiwa watubu dhambi wasiyoijua, na dawa za hospitali zikaachwa. Ni kweli kwamba kifafa kina vyanzo vingi, kama malaria ya ubongo, jeraha la kichwa na mayai ya tegu. Lakini hata pale chanzo kilipo ndani ya jeni, bado huenda hakikutoka kwa wazazi.

Wanafunzi walimwuliza Yesu swali letu hilohilo mbele ya kipofu, katika Yohana 9. Yeye alikataa kumtwika hatia mtu yule, wala wazazi wake. Neno lake halikungoja maabara. Sisi ndio tuliochelewa kulitii.

Katika Katekisimo Ndogo tunakiri kwamba Mungu ametuumba, mwili na roho. Sasa tunajua kwamba mtoto anayeanguka na mzee anayemnyoshea kidole, wote wawili wana seli zilizobadilika. Hakuna kati yetu aliye nakala safi. Basi tumpeleke mtoto hospitalini, tuombe pamoja naye, na mama yake tumwachie nafasi katika benchi letu.