Kiraka Binafsi Katika Msimbo wa Mfumo Endeshi

Fundi anayebadilisha mistari michache ya msimbo chanzo wa mfumo endeshi, labda ili kadi ya mtandao ya zamani iendelee kufanya kazi, ametia kiraka. Kiraka hicho kikiwa chake tu, hakimo katika msimbo unaotolewa na wenye mfumo, mimi hukiita kiraka binafsi. Ningeweza kusema "kiraka cha ndani", ila msomaji angedhani kinagusa sehemu za ndani za programu.

Kiraka ni faili la maandishi. Mstari unaofutwa hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoongezwa alama ya kujumlisha, na kwa kawaida juu na chini yake huachwa mistari mitatu isiyoguswa. Mistari hiyo ndiyo anwani ya badiliko. Programu iitwayo patch, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1985, huitafuta mistari hiyo hata kama imesogea, kisha hupachika badiliko. Isipoiona hukataa, na kipande kilichokataliwa hukiweka katika faili linaloishia na .rej.

Kazi huanza toleo jipya linapotoka. Kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo endeshi huo, hupata toleo kila baada ya wiki 9 au 10, na watunzaji wake hawaahidi kwamba funksheni za ndani zitabaki zilivyo. Kiraka kilichokataliwa hakinitishi, maana kimejitangaza. Ninachokiogopa ni kile kinachoingia kimyakimya ilhali funksheni kinayoitegemea imebadilishwa kazi. Kupachika hakutoshi, lazima mfumo ujengwe upya na ujaribiwe.

Debian, mradi unaosambaza mfumo wa Linux, huweka viraka vyake katika folda ya debian/patches, kila badiliko na faili lake, na faili la series likitaja kipi kitangulie. Naupenda utaratibu huu, hasa kila kiraka kinapoandikwa sababu yake juu. Bila sababu hiyo, atakayekirithi hatajua lini kiondolewe.

Njia bora zaidi ni kuwapelekea wenye mfumo kiraka ili wakipokee, ingawa huchukua muda. PREEMPT_RT, viraka vinavyoiwezesha Linux kuitika ndani ya muda uliopangwa, vilibebwa nje ya kiini kwa takriban miaka 20, vipande vikiingizwa kidogokidogo. Septemba 2024 ndipo kiini kilipokubali PREEMPT_RT iwashwe kwenye prosesa za x86, ARM64 na RISC-V, kuanzia toleo la 6.12. Vilivyosalia, vikiwemo vya ARM ya biti 32, viliendelea kubebwa nje.