Neno "Vidakuzi" na Siri ya Msomaji

Mwenyeji wa Kilosa au Mikumi asomapo katika simu habari za maradhi asiyotaka yajulikane, mara nyingi huulizwa kwanza kama anakubali "vidakuzi". Asili ya jambo hili yafaa ielezwe.

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiweka katika kivinjari ili imtambue mtu arudipo. Ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya biskuti. Punde watangazaji wa biashara wakaitumia kumfuata msomaji kutoka tovuti hadi tovuti. Mwaka 1997 waraka wa kanuni za intaneti ulishauri vivinjari vizuie kumbukumbu za watu baki tangu mwanzo. Watengenezaji wakubwa hawakuufuata. Kivinjari cha Safari kilizizuia zote mwaka 2020. Google, iliyoahidi kuziondoa katika Chrome, iliiacha azma hiyo mwaka 2024.

Kiingereza, basi, kiliufunika upekuzi kwa jina tamu. Kiswahili kimeufunua, kwani mdakuzi ni mtu achunguzaye siri za wenziwe, na udaku twaujua sote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, imeipa uzito ridhaa ya mwenye taarifa. Lakini hakuna ridhaa pasipo kuelewa, na kuelewa huanza na neno lisemalo kweli.