Karanga za Kongwa na Hekima ya Akiba

Wazee wetu walinena kwamba akiba haiozi. Wengi tumeizoea methali hiyo kama wosia wa jikoni, unaomhusu mama na kibaba chake cha unga. Lakini historia ya nchi yetu yatuonyesha kwamba wosia huo wawahusu pia wenye kupanga mambo makubwa. Na ushahidi wake umo katika ardhi ya Kongwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilipungukiwa mno na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield. Kwa majuma tisa tu walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati, safari nyingi wakizifanya kwa ndege, kisha wakashauri zilimwe ekari 3,210,000 za karanga. Mashamba yangekuwa 107, na kati ya hayo 80 yangekuwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa kati ya paundi milioni 24 na 25.

Karatasini hesabu ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba kila jambo lilining'inia juu ya jingine. Shehena za Kongwa zilitegemea bandari moja ya Dar es Salaam na reli ya njia moja. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, masalio ya vita, na vipuri vilikuwa haba. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa sehemu ndogo sana. Mvua nazo hazikufuata ratiba, na udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama tofali, karanga zikanaswa ndani yake. Mambo hayo yangaliweza kufichuliwa mapema na shamba la majaribio, lakini haraka haikuruhusu. Januari 1951 serikali hiyo ilitangaza kuuacha mpango, baada ya kuteketea paundi milioni 36 hivi.

Na wenyeji wa nchi ile, Wagogo, waliishije na mvua isiyoaminika? Walipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame. Walifuga ng'ombe, ambao mwaka wa dhiki waliweza kubadilishwa kwa nafaka. Tena mifugo hawakuiweka zizi moja: mingine waliikabidhi kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili balaa likipiga huku, kule kusalie kitu. Huo nao ulikuwa mpango, ijapokuwa haukuandikwa.

Hatusemi kwamba hekima hiyo haikushindwa kamwe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo. Ukame ulipofuata, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu wengi. Lakini tuangalie sababu: akiba ilikuwa imekwisha kunyang'anywa.

Wala hatusemi kwamba trekta ni adui, au kwamba taifa liogope makubwa. Twasema kwamba mwenye kupanga hana budi kuuliza kabla ya kuanza: mvua ikikosekana, itakuwaje? Njia ikikatika, tutapita wapi? Nani aijua ardhi hii kutushinda? Maswali hayo hayagharimu hata senti. Kongwa hayakuulizwa kwa wakati wake, na jibu likaja baada ya mamilioni kuteketea.