Sungura wa Mexico: Ben Jipcho na Sura Yake Mbele ya Watu

Katika historia ya riadha ya Kenya, jina la Benjamin Wabura Jipcho hutajwa aghalabu baada ya jina la Kipchoge Keino, na mara nyingi katika sentensi ile ile. Jambo hili lina asili yake katika sekunde 56. Huo ndio muda alioutumia Jipcho kukamilisha mzunguko wa kwanza wa fainali ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968. Katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mwendo huo ulikuwa wa mtu asiyetazamia kumaliza vizuri. Keino alishika uongozi katika mzunguko wa pili, akashinda kwa 3:34.9. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya 3:33.1, alifika wa pili kwa 3:37.8, alikuwa amekawia mno kuanza kumkimbiza Keino. Jipcho alikuwa wa kumi.

Tangu siku hiyo Jipcho aliitwa sungura. Neno hili lastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa lilikuja katika habari za riadha kutoka lugha ya Kiingereza, na asili yake ni mbio za mbwa, ambamo mbwa humfukuza sungura wa bandia asiyekusudiwa kushinda chochote. Sungura wa ngano za Afrika Mashariki ni kiumbe mwingine kabisa. Huyu humhadaa fisi, humwaibisha simba, na hali akiwa mdogo hutoka salama pale wakubwa wanaponaswa. Mkimbiaji anayejichosha ili mwenziwe apate hafanani naye hata kidogo. Ikiwa lazima ngano zitoe mfano, basi mfano unaofaa ni ule wa mashindano ya sungura na kobe kama yasimuliwavyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki: kobe huwapanga ndugu zake njiani, na kila sungura anapodhani amemwacha, humkuta kobe mbele yake. Katika ngano hiyo sungura ni Ryun, na Jipcho ni mmoja wa wale ndugu wa kobe ambao msimulizi hawapi majina.

Picha ya msaidizi ilishikamana naye kwa sababu nyingine pia. Wakimbiaji wa Kenya wa wakati ule walikuwa kwa sehemu kubwa watumishi wa majeshi na idara zenye nidhamu: Wilson Kiprugut, aliyeipatia nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, alikuwa askari wa jeshi, Keino alikuwa polisi, Jipcho alikuwa wa Idara ya Magereza, ambayo chuo chake cha mafunzo kiko Ruiru. Wasomaji wa magazeti ya ng'ambo hawakuona ugumu kuamini kwamba askari alipewa amri akaitii. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Askari hutii, naam, lakini amri haimpi mtu mapafu ya kukimbia mita 400 kwa sekunde 56 mahali penye hewa nyepesi.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, mambo yalijirudia kwa namna ya kejeli. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zilikuwa fani ya Jipcho. Keino hakuwa na uzoefu mkubwa nazo, na mtindo wake wa kuruka haukupendeza macho. Hata hivyo Keino alishinda kwa 8:23.6, Jipcho akapata medali ya fedha kwa 8:24.6. Safari hii hapakuwa na mpango wa kumsaidia mtu. Lakini umma, uliokwisha kuzoea mpangilio wa majina hayo mawili, haukushangaa.

Mwaka 1973 ulitosha kuivunja picha hiyo, lau picha za watu zingevunjwa na hesabu. Mwezi wa Januari, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Jipcho aliifikia rekodi ya dunia ya viunzi na maji kwa 8:20.8. Tarehe 19 Juni, mjini Helsinki, aliishusha hadi 8:19.8, tarehe 27 Juni, katika mji huo huo, akaifikisha 8:14.0. Kupunguza karibu sekunde sita kwa siku nane ni jambo la nadra katika mbio za aina yoyote.

Kisha ikaja Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mwaka 1974. Jipcho alishinda viunzi na maji. Alishinda pia mita 5,000 kwa 13:14.4, akimtangulia Brendan Foster wa Uingereza kwa moja ya tano ya sekunde. Tarehe 2 Februari alisimama kwenye mstari wa mita 1,500. Filbert Bayi wa Tanzania alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akaongoza hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, John Walker wa New Zealand akawa wa pili, na Jipcho wa tatu kwa 3:33.2. Siku hiyo Bayi alikuwa sungura wa nafsi yake, na hakukamatwa. Jipcho, aliyeujua mtindo huo kuliko mtu yeyote uwanjani, alikuwa miongoni mwa waliomfukuza.

Mwaka huo huo alijiunga na chama cha riadha ya kulipwa kilichokuwa na makao Marekani, ambako Keino na Ryun walikwisha kutangulia. Kwa kanuni za wakati ule alijifungia mlango wa Olimpiki. Wapo waliomlaumu kwa kupenda fedha. Lawama hiyo yashangaza, kwani ilitoka kwa watu waliokuwa wameridhika kumwona akikimbia kwa faida ya mwingine. Chama chenyewe kilikufa mwaka 1976, mwaka ambao Kenya ilisusia Michezo ya Montreal.

Imesimuliwa kwamba baadaye Jipcho alimwomba Ryun radhi kwa yale ya Mexico. Jipcho alifariki Eldoret tarehe 24 Julai 2020, katika mji ambao uwanja wake wa michezo unaitwa kwa jina la Kipchoge Keino.