Kwa Nini Nauli ya Kwenda Si Nauli ya Kuja

Tuseme, msomaji, kwamba watu wawili wamekaa bega kwa bega katika ndege moja itokayo Frankfurt kuja Mombasa. Wa kwanza ni Mjerumani aendaye Diani kupumzika majuma mawili. Wa pili ni kijana wa Msambweni arudiye kwao baada ya kumzuru dada yake aliyeolewa huko Ulaya. Viti vyao ni sawa, chakula chao ni kimoja, na masafa ya safari zao, kwenda na kurudi, hayapishani hata kwa maili moja. Walakini ukimwuliza kila mmoja alilipa nini, yamkini utasikia hesabu mbili zilizo mbali kabisa. Mmoja alianzia safari yake Ujerumani, mwingine alianzia Kenya. Na hilo peke yake latosha kubadili bei. Wako wasemao kwamba huu ni ujanja mtupu wa wauza tikiti. Ujanja umo, sikatai. Lakini nyuma yake kuna historia, na historia hiyo imeigusa pwani yetu ya kusini, tangu Likoni hata Vanga, kuliko tudhaniavyo.

Mtu wa pwani asingepaswa kushangaa sana. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka kwetu na kaskazi, yakileta tende, chumvi na mazulia. Kusi ilipovuma yalipanda kurudi makwao yakiwa na shehena ya boriti za mikoko. Gharama ya tanga na ya mabaharia ilikuwa ile ile kwa kila upande, lakini nahodha ambaye chombo chake kimekwisha kujaa boriti hana haja ya kumbembeleza abiria, na yule ambaye chombo chake ki kitupu, na pepo zi karibu kugeuka, hukubali kidogo kuliko kurudi bure. Bei ya safari, basi, haikupimwa kwa masafa tu. Ilipimwa pia kwa haja ya aliyesimama ufukweni na haja ya mwenye chombo. Shika jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Zilipokuja ndege, serikali za dunia hazikukubali bei zikatwe kwa mtindo huo wa bandarini. Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, na katika mkataba uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba walikubaliana kwamba kila dola ni bwana wa anga iliyo juu ya nchi yake. Kwa hiyo hakuna shirika liwezalo kuruka kutoka nchi hii mpaka ile na kuchukua abiria bila ya ruhusa ya pande zote mbili. Mwaka 1945 mashirika ya ndege yaliunda chama chao, IATA, katika mji wa Havana. Na mwaka 1946 Uingereza na Marekani zilipatana huko Bermuda kwamba nauli zitakatwa na mashirika yenyewe katika mabaraza ya chama hicho, kisha serikali zote mbili zizikubali. Mapatano hayo yakawa kielelezo kwa mataifa mengine mengi. Shirika la East African Airways, lililoanza safari zake mwaka 1946, nalo lilikulia katika ulimwengu huo wa bei za barazani, hata lilipovunjika mwaka 1977 na Kenya Airways ikazaliwa.

Katika siku zile tofauti baina ya kwenda na kuja haikuwa kubwa. Nauli zilihesabiwa kwa pauni na dola, na thamani ya pauni kwa dola ilikuwa imefungwa. Lakini mwezi wa Agosti 1971 Marekani ilikata kamba iliyofunga dola na dhahabu, na ilipofika mwaka 1973 fedha za nchi kubwa zilikuwa zikipanda na kushuka kama bahari. Marki ya Ujerumani ilipanda, pauni ikashuka. Nauli iliyoandikwa London kwa pauni na ile iliyoandikwa Frankfurt kwa marki, ambazo jana zilikuwa sawa, leo hazikuwa sawa tena. Abiria mwerevu angeweza kununua tikiti mahali penye fedha dhaifu na kupanda ndege mahali penye fedha yenye nguvu. Dawa ya mashirika ilikuwa kanuni hii: nauli huhesabiwa kwa fedha ya nchi inakoanzia safari, hata kama tikiti italipiwa kwingine. Hapo ndipo nchi ya kuondokea ilipopata nguvu iliyo nayo hata sasa. Tena kwetu Kenya fedha za kigeni zilikuwa chini ya ulinzi wa sheria mpaka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1995, na mtu hakuweza kununua marki au dola apendavyo.

Sasa tuje Diani. Tangu miaka ya 1960, na kwa wingi zaidi katika miaka ya 1970, zilianza kuja Mombasa ndege za kukodiwa. Ndege ya namna hii haikuuza kiti kimoja kimoja kwa nauli ya baraza. Mfanya biashara wa Ulaya aliikodi nzima, akakodi na vitanda vya hoteli, kisha akauza safari, kitanda na chakula katika furushi moja kwa bei moja. Kwa njia hiyo aliweza kuuza kwa bei iliyo chini mno ya nauli ya kawaida. Mwaka 1979 kiwanja cha ndege cha Port Reitz kilikuwa kimekwisha kupanuliwa kikawa cha kimataifa, na mashirika ya Kijerumani kama Condor na LTU yalileta wageni moja kwa moja. Walivuka kivuko cha Likoni, wakapita Tiwi, wakateremka Diani, na hoteli zikajipanga ufukweni kwa maili nyingi.

Tazama vizuri furushi lile. Liliuzwa Ulaya, kwa mtu aanzaye safari Ulaya. Kiti cha kurudi kilikuwa kimekwisha kulipiwa na yule aliyekuja juma la jana. Kijana wetu wa Msambweni aliziona ndege hizo zikipita juu ya minazi ya kwao, lakini furushi halikutengenezwa kwa ajili yake. Aghalabu ilimbidi atafute tikiti ya kawaida, kwa nauli ya mtu aanzaye Kenya, na mara nyingi apande kwanza mpaka Nairobi. Huyu Mjerumani angeweza kwenda Hispania, au Thailand, au kubaki kwao. Kwa hiyo ilibidi avutwe kwa bei ndogo. Kijana hakuwa na pa kuchagua. Asafiriye kutoka Kwale kwenda Ulaya huitwa na masomo, na ndoa, na ugonjwa au maziko, na mambo hayo hayangoji bei ishuke. Ni yale yale ya nahodha: mwenye haja kubwa ndiye alipaye zaidi, hata akiwa ndiye mwenye mfuko mdogo. Nami naona hapa pana dhuluma, ingawa hakuna mtu mmoja wa kumtolea kidole.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Kwa kuwa fedha za furushi zililipwa Ulaya, sehemu kubwa ilibaki huko huko. Iliyofika Diani ilikuwa ujira wa mpishi na mtandika vitanda, bei ya samaki na madafu, na kodi ya serikali. Na aliyeikodi ndege ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuirudisha. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na fujo zilizofuata zikaua watu wengi na kuwahamisha maelfu. Wageni waliacha kuja, na hoteli za kusini zikafunga milango. Tena mwezi wa Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka Mtwapa mpaka Tiwi ila kwa haja ya lazima. Diani haikuwamo katika onyo hilo, wala kiwanja cha ndege. Hata hivyo, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha wageni wao nyumbani, zikafuta safari zote za Mombasa mpaka mwisho wa Oktoba. Nauli ndogo iliyowaleta haikuwa mali ya Diani, basi Diani haikuwa na la kusema.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika tu. Katika bahari ya Atlantiki, daraja la wafanya biashara, lile lenye viti vinavyolazwa vikawa vitanda, huuzwa mara nyingi ghali kwa aanzaye London kwenda New York, na rahisi kwa aanzaye Dublin au Oslo ijapokuwa atapita London hiyo hiyo na kupanda ndege ile ile. London ina matajiri wengi watakao kwenda moja kwa moja, na wengi wao hulipiwa na kazi zao. Mtu wa Oslo ana njia nyingi za kupita, na kila shirika lamvuta upande wake, tena lazima afidiwe taabu ya kubadili ndege. Juu ya hayo, tangu mwaka 1994 Uingereza hutoza kodi kila abiria aondokaye kwake, na kodi hiyo huwa kubwa kwa safari za mbali na kwa madaraja ya juu. Apitaye tu London kwa kuunganisha ndege haitozwi. Na mtu wa London akinunua tikiti ya Dublin kisha asipande kipande cha kwanza, tikiti yote huwa batili.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya.  Kuanzia mwaka 2016 ndege za kukodiwa zitakazotua Mombasa zilisamehewa ada ya kutua, na zikalipwa dola 30 kwa kila mgeni. Angalia kwamba msaada huo nao ulimfuata yule yule aanzaye Ulaya. Lililomfaa zaidi kijana wa Msambweni lilikuwa jingine: mwezi wa Desemba 2018 shirika la Qatar Airways lilianza kutua Mombasa, na mtu wa Kwale akaweza kwenda Ulaya kwa kupitia Doha bila ya kupanda kwanza Nairobi. Sasa yalikuwapo mashirika kadhaa yaliyomhitaji, moja likipita Nairobi, jingine Addis Ababa, jingine Doha, na kila moja lililazimika kutazama bei ya mwenziwe kabla ya kuandika yake kwa msafiri aanzaye Mombasa.