Uzito Uliohamia Mkononi

Wamarekani wanaonunua P-64, bastola kuukuu ya jeshi la Poland, hulalamikia mambo mawili kabla boksi la kwanza la risasi halijaisha. Kifyatulio chake ni kigumu mno kwenye risasi ya kwanza: wamiliki wengi wakikipima hupata zaidi ya kilo 9, yaani mara 14 na ushei ya uzito wa bastola yenyewe. Halafu inapiga teke kuliko umbo lake linavyoashiria. Wengi humaliza mjadala kwa kusema viwanda vya kikomunisti vilikuwa na ufundi duni. Hukumu hiyo ni ya haraka. Waliounda P-64 walijua walichokuwa wakifanya, na chanzo cha karaha zote mbili ni cha zamani kuliko ukomunisti wa Poland.

Tuanze Herstal, Ubelgiji, ambako kampuni ya FN ilitengeneza bastola iliyobuniwa na Mmarekani John Moses Browning na kuipa jina la mwaka wake, 1900. Bastola za kujijaza zilikuwapo kabla yake, lakini nyingi zilikuwa kubwa na zenye vipuri vya kukera. Browning alichagua njia fupi. Kwa risasi dhaifu ya milimita 7.65, hakuona haja ya kufuli la kufungamanisha mtutu na slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza. Mtutu aliukaza mahali pamoja, na kuzuia slaidi isirudi mapema akaachia uzito wake na springi. Mfumo huo ni rahisi, na bastola ikaingia katika mfuko wa koti. Kwa bahati mbaya, sifa hiyo iliwavutia pia watu wenye shabaha za kisiasa: Gavana Bobrikov wa Finland aliuawa kwa bastola ya namna hiyo mwaka 1904, Ito Hirobumi wa Japani mwaka 1909, na ndugu mdogo wa bastola hiyo, modeli ya 1910, ndiye aliyesikika katika mauaji ya Sarajevo Juni 1914.

Urahisi huo una gharama yake. Pale penye kufuli, mtutu na slaidi husafiri pamoja hatua ya mwanzo, na msukumo hufika mkononi ukiwa umetawanyika. Pasipo kufuli, slaidi huanza kurudi mara tu risasi inapoanza kwenda mbele, na safari yake huishia kwa kishindo. Kwa milimita 7.65 mkono haulalamiki sana. Ongeza nguvu ya risasi bila kuongeza chuma, na malalamiko huanza.

Kifyatulio kina historia ya peke yake. Bastola za mwanzo za kujijaza zilimlazimu mwenye nayo kuchagua: abebe nyundo ikiwa imetegwa na ategemee kifungio cha usalama, au aibebe bila risasi chumbani na apoteze muda wakati wa hatari. Fundi wa Kicheki Alois Tomiška alipata jibu mwanzoni mwa karne iliyopita kwa kibastola chake cha Little Tom, ambacho kifyatulio chenyewe kiliinua nyundo na kuiachia. Jibu hilo lilipata soko kubwa kampuni ya Walther ilipotoa PP mwaka 1929, ikafuatiwa na PPK iliyo fupi zaidi. Polisi aliweza kutembea na risasi chumbani huku nyundo imelala. Mvuto wa kwanza ulikuwa mrefu na mzito. Kuanzia wa pili, slaidi ilikuwa imeshatega nyundo, na kidole kikapata nafuu. Uzito ule wa kwanza ulikuwa ndio usalama wenyewe.

Baada ya 1945 Wasovieti walitaka kitu cha kuchukua nafasi ya bastola yao ya Tokarev TT. TT ilikuwa na kufuli na risasi kali, ila haikuwa na kifungio cha usalama cha kidole, na ilikuwa kubwa kwa ofisa ambaye kazi yake hasa ni kuongoza watu na si kufyatua bastola. Nikolai Makarov alifuata njia ya Walther, akaipunguzia vipuri. Katika bastola yake, iliyopokewa mwaka 1951, springi moja bapa husukuma nyundo, hurudisha kifyatulio, na ncha yake ya chini hushikilia magazini. Napenda ubahili wa namna hiyo. Risasi mpya ya 9x18 ilichaguliwa ili iwe na nguvu ambayo mfumo usio na kufuli ungeiweza, na Makarov alibakiza chuma cha kutosha kuimeza: gramu 730 bila risasi.

Makarov ilitengenezwa pia Ujerumani Mashariki, Bulgaria na China, na Afrika ikazipata kwa njia nyingi. Husimuliwa kuwa bastola aliyopewa Nelson Mandela Ethiopia mwaka 1962, akaifukia katika shamba la Liliesleaf, ilikuwa Makarov. Wachimbaji wameitafuta bila kuiona.

Wapoland na Wahangari waliikubali risasi ya Kisovieti, lakini bastola walitaka ya kwao. PA-63 ya Hungaria ilipewa fremu ya alumini ikashuka hadi gramu 595. P-64, iliyotengenezwa Radom, ilibaki chuma lakini ikapunguzwa hadi gramu 620 na risasi sita. Hapo hesabu haina huruma. Risasi ya gramu 6 hivi, iendayo mita 315 kwa sekunde, huipa kila bastola msukumo uleule. Nishati ya kurudi nyuma hupanda kadiri uzito unavyoshuka. Toka gramu 730 hadi 620, nyongeza ni zaidi ya sehemu moja ya sita, nayo hupita katika mpini mwembamba unaokita sehemu ndogo ya kiganja.

Ofisa wa Kipoland hakuudhika sana, kwa kuwa alibeba bastola kila siku na kuifyatua kwa nadra. Ulimwengu wa silaha hizi ulibadilika baada ya 1989, majeshi ya Ulaya Mashariki yalipoanza kufungua maghala. Marekani ilikuwa imezuia uingizaji wa silaha kuukuu za kijeshi kwa sheria ya 1968, lakini mwaka 1984 mlango ulifunguliwa kwa zile zinazohesabiwa kuwa za wakusanyaji. Bastola ya kubebwa ikaangukia kwa watu wa kupiga shabaha Jumamosi, risasi mia kwa kikao kimoja.

Walimu wa shabaha huwaambia mambo ya kawaida: shika juu kadiri uwezavyo bila kuiruhusu slaidi ikukwaruze, kaza kiwiko na kifundo, vuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Kosa kubwa si teke bali kulitarajia. Mkono huinama kabla ya mlio. Risasi bandia ikichanganywa kwenye magazini, kosa hilo hufichuka mara moja, maana mdomo wa mtutu hushuka bila kitu kulipuka.

Wengine hukimbilia springi laini ya nyundo. Kifyatulio hulainika kweli. Lakini katika bastola isiyo na kufuli, slaidi inaporudi lazima itege nyundo, na springi ngumu ya nyundo ni sehemu ya breki yake. Ukiilegeza, slaidi hurudi kwa kasi zaidi, na teke ulilokuwa ukilikimbia huongezeka. Ndiyo sababu wauzaji wa vipuri huuza springi ya nyundo iliyolegezwa pamoja na springi ya slaidi iliyokazwa. Hata hivyo, wanaotumia risasi za zamani za kijeshi, zenye fataki ngumu, mara kwa mara husikia nyundo ikigonga na risasi ikikataa, wakarudisha springi ya Radom mahali pake.