Kusahau si Uvivu: Historia ya Sonona na Kumbukumbu, Kutoka Balkh hadi Ruhwa



Ndugu wasomaji, hapa kwetu Ruhwa, kwenye kona ambapo mto Ruhwa unaingia Rusizi na nchi tatu zinakutana, kichwa ndicho daftari la watu wengi. Kabla Burundi haijafunga mpaka wake Januari 2024, mama mwenye biashara ndogo alikuwa akigeuza faranga za Burundi kuwa za Rwanda kichwani, bila kalamu. Mkulima wa mpunga wa Bugarama anajua deni la kila mtu na siku ya kulipwa. Kijana wa madrasa anatembea na juzuu zake kifuani. Kwa hiyo mtu akianza kusahau, nyumba nzima hujua.

Tumeliona jambo hili katika familia zetu. Mgonjwa wa sonona, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije, anaanza matibabu. Baada ya wiki kadhaa analala, anakula, machozi yamekata. Lakini bado anasahau sufuria jikoni, anasoma ukurasa mmoja mara nne, anapotewa na hesabu ya rakaa. Hapo maneno huanza. Huyu anasema ni uvivu, yule anasema dawa zimemharibu akili, mwingine anasema imani imepungua. Mgonjwa akisikia hayo kila siku, huacha dawa kimyakimya, na ugonjwa hurudi.

Tumeona tulitazame jambo hili kwa njia ya historia, kwa sababu historia inaonyesha kwamba fikra kuwa nzito ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Wanazuoni wa zamani

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Alitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu ya kuonekana. Hii ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akaona kwamba mwili nao unahitaji tiba. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Kairouan, aliandika risala nzima juu ya ugonjwa wa huzuni akieleza unavyoharibu fikra. Alisema hata watu wa elimu, wanaokesha na vitabu, huweza kuupata. Karne ya 11 risala hiyo ilihamishiwa Kilatini, ikasomwa Ulaya. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo, wagonjwa wa akili nao walitengewa sehemu yao.

Waislamu hao hawakumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika kwa ajili ya Yusuf hadi macho yake yakaathirika, na hakuna Muislamu anayetilia shaka imani yake.

Waliposema Mwafrika haugui sonona

Wakati wa ukoloni mambo yaligeuzwa. Mwaka 1953 daktari J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani akidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Kwa dai kama hilo, Mwafrika aliyepoa, mzito wa kujibu na msahaulifu angeonekana tu kuwa mtu wa akili ndogo. Ugonjwa ulipewa jina la tabia.

Dai hilo halikudumu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda. Walikuta sonona huko kwa wingi kuliko katika kundi la wanawake wa London walilolinganisha nalo. Sonona ilikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kwa lugha ya wenyeji.

Rwanda kabla na baada ya 1994

Nchini kwetu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972 chini ya watawa wa Kikatoliki. Kwa mtu wa Ruhwa huo ni upande wa pili wa nchi, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hata watu waliokuwa wamekimbilia Ndera waliuawa. Huku kwetu, mwishoni mwa Aprili, waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi nao waliuawa.

Baada ya hapo nchi ilianza karibu upya. Mpango wa taifa wa afya ya akili uliundwa, na huduma zikasogezwa kidogo kidogo hadi hospitali za wilaya. Mwaka 1999 Paul Bolton na wenzake waliwauliza wanakijiji wa Rwanda waeleze wenyewe maumivu yao. Wanakijiji wakataja agahinda gakabije kwa jina, wakaitofautisha na ihahamuka, yaani mshtuko wa yale yaliyowapata. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa sonona ilikuwa kwa asilimia 12 ya wananchi kwa jumla, na asilimia 35 kwa manusura wa mauaji ya kimbari. Kwa hesabu hiyo, ugonjwa huu uko karibu na kila mlango.

Dawa na kumbukumbu

Dawa za sonona ni changa. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini inawasaidia wagonjwa, kisha ikaja amitriptilini. Mwaka 1960 Max Hamilton alitengeneza orodha ya kupima sonona, na ndani yake akaweka uzito wa fikra na ugumu wa kukaza akili. Mwaka uliofuata Leslie Kiloh alieleza kuhusu wagonjwa wa sonona wanaofanana na wazee waliopotewa na akili, kumbe huweza kurudi katika hali yao wakitibiwa.

Lililochelewa kujulikana ni kwamba huzuni ikiondoka, kusahau huweza kubaki. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mitatu. Hata katika vipindi walivyokuwa nafuu, matatizo ya fikra yaliwaandama kiasi cha asilimia 40 ya muda. Ni kama mguu uliovunjika: mfupa umeunga, lakini mtu bado anachechemea.

Je, dawa hazina lawama kabisa? Ukweli usemwe. Amitriptilini huweza kuleta usingizi na kupunguza kumbukumbu, hasa kwa wazee. Fluoksetini, iliyoingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, kwa kawaida ina uzito mdogo upande huo. Lakini njia ni kurudi kwa aliyeandika dawa, si kuzitupa. Kuacha ghafla kuna madhara yake.

Familia zifanye nini?

Kwanza, mwambieni muuguzi au daktari kuhusu kusahau, msiishie kwenye usingizi na hamu ya kula. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo nayo huleta uzito wa akili, na hupimwa. Pili, mpeni mgonjwa daftari, kazi moja kwa wakati mmoja, usingizi wa kutosha na matembezi ya kila siku. Tatu, walimu wa madrasa wampunguzie mwanafunzi kipimo cha kuhifadhi badala ya kumwaibisha mbele ya wenzake. Nne, Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari mapema kuhusu saa za dawa na kama mgonjwa anaweza kufunga. Na akitamka kwamba hataki kuishi, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu, sheria yetu imeweka sijda ya kusahau kwa anayepotewa na rakaa. Anasujudu, anatoa salamu, sala yake inatimia, wala hakuna anayemtoa msikitini. Basi anayesahau kwa maradhi asitolewe katika heshima ya nyumba yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.